"Jana nilisemaka nini?" Kisa cha mama mmoja, ketamini na fishi moja Bukavu

Mama huyu amenipa ruhusa ya kuandika kisa. Ruhusa ya kuandika maneno hakunipa. Kwa hiyo msomaji hatayakuta hapa aliyoyasema Jumatano ile akiwa chini ya dawa, na akiyatafuta katikati ya mistari atapoteza muda wake. Alama nyingine za kumtambulisha nimezibadilisha. Nilichokiacha kama kilivyo ni mpangilio wa mambo, maana ndio unaotuhusu sisi tunaofundisha watu kukaa kando ya mgonjwa ambaye akili yake imefunguliwa na dawa.

Ilikuwa Bukavu, mashariki ya Congo, mwezi wa nane 2024, kiangazi kimekaza, vumbi la mtaa wa Kadutu linaingia hadi ndani ya sahani. Mama alikuwa akikaanga mandazi kando ya barabara. Mtoto wa jirani alikimbilia mpira, karai likapinduka, mafuta yakamuunguza mguu wa kushoto kuanzia chini ya goti hadi kifundo. Ni mzaliwa wa Kalehe, kule kando ya ziwa, na lugha aliyonyonya ni Kihavu. Bukavu alifika miaka mingi iliyopita akiwa mkimbizi. Juu ya safari ile hakuwahi kumwambia mtu wa hospitali neno, na hakuna aliyemuuliza, kwa sababu alikuja kwa ajili ya mguu.

Bandeji ya aliyeungua haitoki kwa maneno matamu. Kila baada ya siku moja lazima kitambaa kilichonata kitolewe, ngozi iliyokufa ikwanguliwe, kidonda kioshwe. Kwetu kazi hiyo hufanywa kwa ketamini, na sababu yake kila muuguzi anaijua: mgonjwa haachi kupumua. Dawa nyingine za usingizi zinataka mashine, oksijeni, umeme usiokatika na mtu wa kulinda njia ya hewa. Ketamini huacha kifua kiendelee na kazi yake. Presha inapanda badala ya kushuka, mate yanaongezeka, na mtu yuko pale macho wazi, mwenyewe hayupo. Calvin Stevens aliitengeneza mwaka 1962 kwa kampuni ya Parke-Davis, Marekani, na watu wa kwanza kuipokea, mwaka 1964, walikuwa wafungwa wa jela moja ya Michigan waliojitolea. (Mfungwa anajitolea vipi, hilo ni swali ambalo tutalikuta tena mbele kidogo.) Edward Domino, aliyesimamia majaribio yale, hakujua aiite nini hali aliyoiona, neno lililobaki hadi leo, kwamba dawa hii inamtenganisha mtu na alipo, alipewa na mke wake nyumbani. Tangu 1985 ketamini imo katika orodha ya Shirika la Afya Duniani ya dawa za lazima. Haimo katika mikataba ya kimataifa inayobana dawa nyingine za kubadilisha akili, kama MDMA, LSD na silosibini.

Jambo hili la mwisho ndilo linaloifanya iwe mlango. Mtu wa Kivu anayejifunza tiba ya saikolojia inayosaidiwa na dawa za saikedeliki, yaani zile zinazofungua akili, hawezi kufungua kabati na kukuta MDMA. Ketamini ataikuta, kwenye kabati la chumba cha upasuaji, pamoja na pamba na spiriti. Na si uongo kwamba ina kazi nyingine: kwa dozi ndogo, nusu miligramu kwa kila kilo ya mwili, ikiingizwa polepole kwa dakika 40, imeonekana tangu mwaka 2000 kwamba inaweza kumwinua mtu mwenye sonona nzito ndani ya saa chache. Mwaka 2019 Marekani iliidhinisha ndugu yake, esketamini ya kupuliza puani, kwa sonona iliyoshinda dawa nyingine. Lakini dozi ya kukwangua kidonda ni mara mbili hadi nne ya hiyo, na inaingia kwa pigo moja.

Sasa mwanafunzi wetu. Namwita mwanafunzi ingawa ana lisansi, yaani digrii, ya saikolojia na miaka minne ya kazi na waliokimbia vita. Ni kijana mwenye moyo, na ninasema hivyo mapema ili mtu asinisome vibaya. Alikuwa amemaliza kozi ya miezi kumi ya tiba hiyo kwa njia ya intaneti, kutoka ng'ambo, akilipa kwa dola na kwa mafungu, akifuata masomo usiku wa manane umeme unaporudi. Alirudi kwetu akiwa anajua mambo ambayo mimi, niliyemfundisha chuoni, sikuyajua. Alijua kwamba katika majaribio mawili makubwa ya MDMA, yaliyochapishwa na jarida la Nature Medicine mwaka 2021 na 2023, kila mgonjwa wa kiwewe alipata vikao vitatu vya maandalizi, vikao vitatu vya dawa vya saa nane kila kimoja, na vikao tisa vya kuyapanga yaliyojitokeza, watabibu wakiwa wawili kila mara. Alinijumlishia: saa kama 42 kwa mtu mmoja. Alijua pia kwamba katika jaribio la kwanza watu 67 kwa mia waliopewa dawa hawakuhesabika tena kuwa na ugonjwa ule, na kwamba waliopewa kidonge kitupu na kukaliwa kando na watabibu kwa saa zilezile walifika 32 kwa mia. Hiyo 32 ilinigusa kuliko 67. Ni watu waliopona kwa kukaliwa kando tu.

Siku ya Jumatano ilikuwa bandeji ya tatu. Mtu wa anestezi alipiga sindano, akakaa hadi akaona pumzi imetulia, halafu akaitwa chumba cha pili kwa upasuaji wa mzazi. Muuguzi aliendelea na kidonda. Mama APS, yaani msaidizi wa kisaikolojia na kijamii aliyekuwa akimfuata mgonjwa tangu siku ya kwanza, alikuwa kwenye kona. Mama wa usafi alikuwa mlangoni na ndoo yake. Dakika kadhaa baadaye mgonjwa akaanza kulia, na baada ya kulia akaanza kusema, nusu Kiswahili, nusu Kihavu.

Yeyote aliyefanya kazi chumba kile amekwisha kuona hali hii. Wengine wanaimba, wengine wanamwita marehemu. Muuguzi alitaka kuongeza diazepamu kidogo, dawa ya kutuliza, ndiyo desturi. Mwanafunzi wetu alikuwa anapita kwenye ukumbi, akasikia, akaingia, akasema, "Subiri kwanza." Akavuta kiti. Akashika mkono wa mama, na mkono wake mwingine akauweka kifuani, juu kidogo ya moyo. Akauliza kwa sauti ya chini, "Uko wapi, mama?" Mama akajibu. Akauliza, "Nani yuko pamoja nawe?" Mama akajibu tena. Iliendelea hivyo dakika ishirini hivi, hadi dawa ilipoanza kuondoka na mama akageuza uso ukutani. Mwanafunzi alitoka pale akiwa na machozi. Akaenda kwenye meza ya wauguzi, akafungua fishi, yaani karatasi za matibabu za mgonjwa, akaandika nusu ukurasa kwa Kifaransa.

Alhamisi asubuhi mama alimuuliza mama APS: "Jana nilisemaka nini?"

Nilipouliza baadaye ni nini kilimfanya aulize, jibu lilikuwa dogo na linanisumbua bado. Mama wa usafi, ambaye siku zote humsalimia "Habari ya asubuhi", siku hiyo alimwambia "Pole sana, mama," akainamisha kichwa.

"Ulilia, yaya," mama APS alimjibu. "Na ulisema maneno."

"Maneno gani?"

"Maneno yako."

"Nani alisikia?"

Mama APS akahesabu kwa vidole mbele yake: muuguzi, mwanasaikolojia, mama wa usafi, na yeye mwenyewe. Hakupunguza mtu. Mgonjwa alivuta shuka hadi kidevuni na hakula mchana ule. Ijumaa alikataa sindano. Alisema afadhali aumie.

Mtu aliyekwanguliwa kidonda cha moto bila dawa anajua neno "afadhali" lina uzito gani pale. Walimpa alichokuwa nacho muuguzi, kisichotosha, na kilio kilisikika hadi kwenye geti. Hasara ya kwanza ya kisa hiki ndiyo hiyo, na sikutaka ipite kama jambo dogo kwa sababu mazungumzo yetu yote yaliyofuata yalikuwa ya maadili na ya kitaalamu, yameketi kwenye viti.

Hasara ya pili ilikuwa bado haijatokea. Kwetu fishi haikai ofisini. Mlinzi wa mgonjwa, yule ndugu anayelala chini kando ya kitanda, ndiye huichukua kwenda nayo famasi, maabara, kwa mhasibu. Mlinzi wa mama huyu alikuwa wifi yake, msichana aliyemaliza sekondari na anayesoma Kifaransa vizuri. Kati ya Jumatano jioni na Alhamisi mchana alikuwa ameibeba mara mbili hadi famasi. Mama APS ndiye aliyeliona hilo kabla yetu. Aliichukua fishi mikononi mwa msichana akisema docta anaihitaji, akaniletea. Ukurasa wa hospitali hauchanwi; niliuhamishia kwenye dosie ya saikolojia inayofungwa kwa ufunguo, na mahali pake nikaandika kwamba kuna karatasi iliyohamishwa, tarehe na sahihi.

Tulikutana Jumatatu: mkuu wa wauguzi, mtu wa anestezi, mwanafunzi, mama APS na mimi. Kwa bahati mbaya au nzuri, ulimwengu wa dawa hizi nao ulikuwa umetikisika wiki ileile. Mwezi wa sita kamati ya washauri wa FDA, mamlaka ya dawa ya Marekani, ilikuwa imepiga kura 9 dhidi ya 2 kwamba ushahidi wa MDMA kutibu kiwewe hautoshi, na 10 dhidi ya 1 kwamba faida yake haijaonekana kuzidi hatari. Ijumaa tarehe 9 Agosti FDA yenyewe ikalikataa ombi la kampuni ya Lykos la kuidhinisha MDMA na kudai jaribio jingine. Kesho yake jarida la Psychopharmacology likafuta makala tatu za majaribio ya awali, kwa sababu ya mwenendo usio wa kimaadili katika kituo kimoja cha Canada. Huko, watabibu wawili walirekodiwa na kamera ya jaribio lenyewe wakimkumbatia na kumbana kitandani mwanamke aliyekuwa chini ya dawa. Mmoja wao hakuwa hata na leseni. Mwanafunzi alifika kikaoni ameyasoma yote hayo kwenye simu. Uso wake ulikuwa wa mtu aliyefiwa mara mbili.

Akajitetea, na utetezi wake haukuwa wa kijinga. "Mama," aliniambia, "nilimwona yuko wazi. Nilifundishwa kwamba mtu akifunguka hivyo, kumzima kwa diazepamu ni kumfungia mlango usoni. Ningemwacha alie peke yake?"

Mtu wa anestezi hakumwacha amalize. "Dozi yangu ilikuwa ya kidonda. Wewe ulifanya kazi yako juu ya dozi yangu, mimi nikiwa chumba kingine. Angetapika, angeziba koo, ungejua la kufanya?" Mwanafunzi alisema hapana. Hoja hiyo ilikwisha pale, haina pande mbili.

Swali la ridhaa lilituchukua muda mrefu zaidi. Mama alikuwa ameweka alama ya kidole kwenye karatasi ya kukubali dawa kwa ajili ya mguu. Mwanafunzi aliona kwamba jibu la mama, "Uko wapi?" "Niko mahali fulani", lilikuwa aina ya kukubali: angeweza kunyamaza. Hapa ndipo niliposema kwa ukali kuliko nilivyokusudia. Mtu aliye chini ya ketamini hanyamazi wala hajibu kwa hiari. Ukimsukuma kushoto anakwenda kushoto. Kwenye majaribio yale ya MDMA anayoyapenda, hata suala la mkono begani linazungumzwa mapema, akili ikiwa timamu, na mgonjwa hupewa neno au ishara ya kusimamisha. Jumatano hakukuwa na kikao kimoja cha maandalizi, wala nusu. Na hata kama kingekuwapo, bado ningeuliza ridhaa ya hospitali zetu ni ridhaa gani. Mama anayetibiwa bila malipo au kwa malipo ya kuhurumiwa anakubali kila kitu: picha, mahojiano, wanafunzi kumi kuzunguka kitanda. Anasema "ndiyo, docta" kwa sababu "hapana" inaonekana kama utovu wa shukrani. Wale wafungwa wa Michigan nao walijitolea.

Kuna kosa jingine ambalo mwanafunzi mwenyewe hakuliona hadi nilipomwomba arudie maswali yake moja kwa moja. "Nani yuko pamoja nawe?" Akalirudia, akasita. Mama alikuwa hajasema kwamba yuko na mtu. Swali ndilo lililomleta mtu. Akili iliyolegezwa na dawa ikiulizwa "nani" itatafuta nani, na itampata. Kozi yake ilikuwa imelisema hili. Nilisoma maandishi yake, limo katika somo la nne, kuhusu jinsi mgonjwa wa namna hii anavyopokea kwa urahisi kila kinachopendekezwa. Alilijibu vizuri hata kwenye mtihani. Kulijua kwenye skrini hakukumsaidia alipokaa kwenye kiti na mtu analia mbele yake, kwa sababu anayelia mbele yako anakutia hamu ya kufanya kitu, na hamu hiyo huvaa nguo za huruma.

Kozi hizi zimezaliwa kwa haraka, nalo ni jambo la kusemwa. Chuo cha California Institute of Integral Studies, San Francisco, kilianza kutoa cheti chake mwaka 2016, kwa watu ambao tayari ni madaktari, wauguzi, wanasaikolojia, au wahudumu wa kiroho wa hospitali. Oregon, ambako wananchi walipiga kura mwaka 2020 kuruhusu silosibini chini ya usimamizi, inataka saa 120 za masomo na 40 za mazoezi, na haidai digrii ya tiba. Australia tangu tarehe 1 Julai 2023 imeliweka jambo mikononi mwa madaktari wa akili wenye kibali maalumu. Kila mmoja ana kipimo chake cha anayefaa kukaa kitini. Kozi ya mwanafunzi wetu haikuwa mbaya zaidi ya nyingine. Ilikosa kitu kimoja ambacho intaneti haiwezi kukileta Bukavu, nacho ni mtu wa kukutazama ukiwa umekaa, kisha akuambie ulivyokaa.

Mtu huyo tulikuwa naye kwenye kona ya chumba. Wakati wote wa kikao mama APS hakuwa amesema kitu. Nikamuuliza yeye alifanya nini Jumatano. "Niliketi," akasema. "Nilikuwa ninaomba asiulizwe."

Nikamuuliza kwa nini hakumzuia. Aliniangalia kama ninayeuliza swali la mgeni. Ana cheti cha sekondari na mafunzo ya miezi michache. Kijana ana lisansi na cheti cha ng'ambo. Hakuna siku ambayo hospitali yetu ilimwambia kwamba anaweza kumwambia mwenye lisansi "nyamaza". Kosa hilo si la kijana. Ni langu na la wakuu wenzangu, na nilisema hivyo mbele ya wote, ingawa sikupenda ladha yake mdomoni.

Na hatukuwa na kisingizio cha kutojua. Mwaka 2013 New England Journal of Medicine lilichapisha jaribio lililofanywa hapahapa mashariki ya Congo: wanawake 405 waliopitia ukatili wa kingono, vijiji vingine vikipata tiba ya vikundi ya kuchakata mawazo, vingine msaada wa mtu mmojammoja. Walioendesha tiba ile walikuwa wasaidizi wa kisaikolojia na kijamii, akina mama kama huyu wetu, waliofunzwa na kusimamiwa. Miezi sita baada ya kumaliza, waliobaki na dalili nzito za huzuni au wasiwasi walikuwa 9 kwa mia katika vikundi vya tiba, na 42 kwa mia kule kwingine. Hakukuwa na dawa yoyote ya kufungua akili. Nikiambiwa leo nichague watu kumi wa kufunza tiba hii ya saikedeliki kwa ajili ya Kivu, ningeanza na hao, halafu ndiyo niwatafutie mtu wa anestezi na daktari wa akili wa kukaa nao. Tunaanza kwa diploma, kisha tunatafuta nani anaweza kukaa kimya. Nadhani tumeanzia mkiani.

Je, tufungue huduma ya ketamini kwa wenye kiwewe? Mwanafunzi aliuliza mwishoni, kwa sauti ndogo. Nilimjibu kwamba si sasa. Nafuu ya dozi moja kwa watu wengi hupungua ndani ya siku au wiki chache, hivyo lazima kurudia, na kurudia kunataka mtu anayeweza kurudi. Wagonjwa wetu leo wako Kadutu, kesho barabara imefungwa. Na chupa ikitumika kwa kikao, mzazi wa usiku ule atafanyiwa upasuaji na nini? Hilo ndilo jibu langu la wakati ule. Sijalibadilisha.

Yaliyofanyika baada ya hapo ni machache. Mtu wa anestezi alianza kumwambia kila mgonjwa kabla ya sindano, kwa Kiswahili na si kwa haraka, kwamba dawa hii inaweza kumwotesha ndoto macho wazi, kwamba anaweza kusema bila kukumbuka, na kwamba atakayesikia hatalitoa nje. Kisha anauliza: unataka nani abaki chumbani? Mlango unafungwa. Ndoo inasubiri nje. Ajabu ni kwamba tumetumia ketamini miaka yote hii na hakuna aliyefikiria kuuliza swali hilo.

Mama tulimwendea Jumatatu ileile jioni, mama APS na mimi. Tulimwomba radhi. Alitusikiliza, akauliza kama wifi alisoma. Tulimwambia kweli: ameibeba fishi mara mbili, na hajasema lolote. Akanyamaza sana. Kisha tukamuuliza kuhusu bandeji ya kesho yake, akitaka dawa, angependa iweje. Alifikiri, akatoa masharti yake kama mtu anayepanga bei sokoni: "Wewe," akimwonyesha mama APS, "munishike huu mkono wa kuume. Nikilia muniache nilie. Musiniulize kitu. Na yule kijana asikuje." Hayo ndiyo maandalizi bora ya kikao niliyowahi kuyasikia, na niliyaandika kwenye daftari langu neno kwa neno, kwa hayo aliniruhusu.

Siku iliyofuata alipata dawa yake. Alilia kidogo, aliongea kidogo. Mama APS alishika mkono, hakusema hata "pole". Mama alipoamka alisema aliona maji mengi, akaomba chai.

Mwanafunzi tulimpa kazi aliyoiona mwanzoni kama adhabu: kukaa kwenye bandeji za wagonjwa wengine waliomkubali, mikono juu ya magoti, bila kusema, na mama APS ndiye mkaguzi wake. Kila alipotamani kuongea aliweka alama kwenye karatasi. Siku ya kwanza alama zilikuwa kumi na nne, na mara moja ilimtoka, "Pumua." Mama APS alimwambia baadaye, "Papa, alikuwa anapumua." Siku ya sita alama zilikuwa mbili. Kuhusu kila alama waliongea pamoja, nje, chini ya mti: ilikuja lini, mgonjwa alikuwa anafanya nini, wewe uliogopa nini. Kijana aliniambia kwamba katika miezi kumi ya kozi hakuna aliyemuuliza swali hilo la tatu.

Wiki ya tatu, siku mbili kabla ya kurudi nyumbani, mama aliuliza karatasi iko wapi. Alitaka kujua imeandikwa nini. Hasomi, na alichagua nani amsomee. Tulikaa ofisini kwangu, mlango umefungwa, mama APS akisoma Kifaransa na kukigeuza moja kwa moja kwa lugha ya Mashi, ambayo mtu wa Kihavu anaisikia bila shida. Mwanafunzi alikuwa kwenye benchi nje. Mama alisikiliza akiutazama mguu wake. Kwenye mstari mmoja akainua mkono.

"Hapa hapana."

Mwanafunzi alikuwa ameandika jina la mwanamume. Aliuliza "nani", akasikia jina, akaliandika kama la mtu, na kando yake akaweka tendo. Karatasi hiyo, ikisomwa na polisi, au na shemeji, ingekuwa mashtaka.

"Huyu si mtu," mama alisema. "Ni mlima. Tulilala pale masiku mbili."

Mama APS akataka kulikata lile neno kwa kalamu. Nilimwambia hatufuti, tunaandika chini yake, na yeye mwenyewe ndiye aliyeandika sahihisho, mama akitaja. Kisha mama akasema yule kijana aitwe. Aliingia, akasimama karibu na mlango, hajui aweke wapi mikono. Mama alimtajia jina la ule mlima, polepole. Kijana akalirudia, akakosea. Mama akalitaja tena, na mara ya tatu alilitamka sawasawa.